Televisheni ya Bure: Antena na Dishi

Ukishuka kutoka Chake Chake kuja Wesha, kabla hujafika bandarini, utaona juu ya mapaa ya nyumba vitu vya namna mbili. Kimoja kinafanana na mifupa ya samaki aliyekwisha kuliwa. Hiyo ni antena. Kingine kinafanana na ungo wa kupepetea mchele. Hilo ni dishi, na wako watu wanaoliita ungo hasa. Vyote viwili vina kazi moja. Vinadaka mawimbi ya televisheni yanayopita hewani na kuyaingiza ndani ya nyumba kwa njia ya waya.

Visiwa vyetu si vigeni kwa televisheni. Televisheni Zanzibar ilianza mwaka 1973, nayo ilikuwa ya rangi. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994. Katika miaka hiyo walikuwapo watu wa Dar es Salaam walioinua antena zao na kuzielekeza Unguja ili wapate picha. Mwaka 2013 Televisheni Zanzibar iliunganishwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar, likapatikana Shirika la Utangazaji Zanzibar, yaani ZBC.

Sisi wa Pemba tulichelewa kwa sababu ya umeme. Kwa miaka mingi tulitegemea mitambo ya dizeli iliyokuwa hapa hapa Wesha, na umeme wake ulikuwa wa kuja na kuondoka. Mwaka 2010 waya uliolazwa chini ya bahari ulituletea umeme kutoka Tanga. Baada ya hapo televisheni ziliingia hata katika nyumba za udongo.

Kisha mfumo wa kurusha matangazo ukabadilika. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ilizimwa Dar es Salaam, na sehemu nyingine za nchi zikafuata kwa zamu. Mfumo mpya huitwa dijitali. Televisheni ya zamani haiwezi kuyasoma mawimbi ya dijitali peke yake. Inataka kisanduku cha kuyafasiri, nacho ndicho king'amuzi. Televisheni nyingi mpya zina king'amuzi ndani yake, lakini za mitumba tunazozinunua sisi mara nyingi hazina.

Hapo kwenye king'amuzi ndipo watu wanapopoteza fedha zao.

Katika darasa letu la kisomo yuko mama mmoja mjane. Kijana wake ni mvuvi, na mara nyingi huenda dago kwa siku nyingi. Mama huyu alichuma karafuu msimu mzima, akalipwa kwa pishi, akaweka akiba. Alikwenda mjini kununua televisheni iliyotumika. Muuzaji akamwambia achukue na dishi na king'amuzi, kwa kuwa matangazo yake ni ya bure. Akalipa. Akafungiwa vizuri. Mwezi mzima alitazama bila ya tabu, na majirani wakawa wanajaa ukumbini kwake kila baada ya isha.

Mwezi ulipokwisha picha ikaondoka. Yakaja maandishi. Mama akasimama mbele ya kioo akayasoma kwa kuunganisha silabi, maana wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anaingia katika kusoma sentensi. Akapata neno "lipia". Alidhani hakusoma sawasawa. Akamwita mtoto wa jirani anayesoma skuli, naye akasoma vile vile.

Kesho yake alikuja darasani mapema, wenzake hawajafika.

"Maalim," aliniambia, "nimeuziwa bure ya mwezi mmoja."

"Mama, karatasi ya king'amuzi iko wapi?"

"Ninayo. Nimeifunga katika pindo la kanga."

Tuliisoma karatasi ile darasani, sote kwa pamoja, kila mtu mstari wake. Ilikuwa somo letu kwa siku mbili. Hapakuwa na neno bure hata mahali pamoja. Paliandikwa kuwa mteja atalipa kila mwezi, na kuwa mwezi wa kwanza umekwisha kulipiwa ndani ya bei. Muuzaji hakuandika uongo popote. Uongo aliusema kwa mdomo tu, na maneno ya mdomo hayana risiti. Mama alirudi kwake akamwomba arudishiwe fedha, akaambiwa mali ikishatoka dukani haipokelewi.

Mama alikuwa ameshaanza kufikiri kuuza mbuzi wake ili alipie miezi mitatu. Jambo hilo lilinikera kuliko yote. Mbuzi anazaa. King'amuzi hakizai.

Basi tuelewane juu ya neno hili bure. Yako matangazo ambayo mtangazaji huyaachia hewani, na kila mwenye chombo cha kuyapokea anayapata. Mtangazaji hupata fedha zake serikalini au kwa matangazo ya biashara, hakudai wewe mtazamaji. Hayo ndiyo ya bure. Yako mengine hurushwa yakiwa yamefungwa kwa ufunguo wa siri, na ufunguo huo hukaa katika king'amuzi cha kampuni. Ukilipa, kampuni hufungua. Usipolipa, hufunga. Dishi haliamui lolote katika jambo hili. Dishi moja linaweza kupokea vya bure na vya kulipia vikiwa vimechanganyika.

Vyote viwili vinaweza pia kukuchanganya wewe. Mwaka 2018 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizuia baadhi ya makampuni ya madishi ya kulipia yasibebe vituo vya bure vya Bara, kama ITV na Channel Ten, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Watu waliokuwa wamelipa walishangaa kuona vituo walivyovizoea vimetoweka. Wenzao waliokuwa na antena na king'amuzi cha mnara waliendelea kutazama. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha uliza maswali mawili. Mwezi ukiisha bila kulipa, nitabaki na vituo gani? Je, utaniandikia hivyo katika risiti? Mtu akikataa kuandika, umeshapata jibu.

Tulimshauri mama yule amwache mbuzi wake. Tukamtafutia antena.

Antena hupokea mawimbi yanayotoka kwenye mnara uliopo nchi kavu. Mawimbi hayo husafiri kama mwanga, yaani moja kwa moja. Kilima huyazuia, na Pemba yetu ni nchi ya vilima na mabonde. Ndiyo maana nyumba ya bondeni inataka mlingoti mrefu, na nyumba ya juu inatosheka na mfupi. Sisi tulitumia mti wa mkandaa uliokauka. Tuliuchimbia chini kando ya ukuta tukaufunga kwa chuma mahali pawili. Wengine hupenda kufunga antena juu ya mnazi. Mnazi hutikisika, na antena ikitikisika picha hukatika. Tena nani atapanda kila mara kuigeuza?

Tazama vijiti vya antena. Kimoja cha nyuma ni kirefu, na vya mbele ni vifupi. Upande wa vijiti vifupi ndio unaotazama mnara. Nimeona nyumba mbili hapa kijijini zilizofunga kinyume, na wenyewe wanalaumu televisheni. Kisha tazama vijiti vya majirani wanaopata picha nzuri. Vikiwa vimelala, laza vyako. Vikiwa vimesimama, simamisha vyako. Jirani mwenye picha safi ni fundi wa bure.

Waya wa antena una sehemu nne. Katikati kuna uzi wa shaba, kisha plastiki nyeupe, kisha nyuzi nyembamba zilizosukwa kama wavu, kisha ganda la nje. Uzi wa katikati usigusane na wavu hata kidogo. Ukigusana, hupati kitu, na utahangaika siku nzima kugeuza antena ambayo haina kosa. Usiunge waya kwa kusokota kama waya wa taa. Nunua urefu unaotosha kutoka juu mpaka ndani. Hapa Wesha kuna jambo la zaidi, nalo ni chumvi ya bahari. Shaba iliyo wazi hugeuka kijani kwa muda mfupi. Tulizungushia maungio utepe wa mpira tabaka tatu, tukauacha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia dirishani ili maji ya mvua yadondoke nje yasifuate waya mpaka ndani.

Baada ya kufunga, mtu mmoja hukaa nje na mmoja hukaa mbele ya televisheni. Katika mfumo wa zamani uligeuza antena ukiona chenga zinapungua. Dijitali haina chenga. Picha ama ipo nzuri, ama inavunjika vipande vya mraba, ama haipo kabisa. Kwa hiyo usigeuze haraka. Geuza kidogo, ngoja, amrisha king'amuzi kitafute vituo, kisha geuza tena. Kwa mama yule tulianza baada ya alasiri, na kabla ya magharibi ZBC ikatoka. Alitoka uani akatuletea chai na mihogo, akasema tusiondoke kwanza, asije akaamka asubuhi ikawa imefungwa tena.

Sasa dishi. Hili nitalieleza kwa urefu, kwa sababu wanakisomo walilipenda zaidi, na kwa sababu lilitupa kazi ya namba.

Dishi halitazami mnara. Linatazama satelaiti, yaani chombo kilichorushwa angani. Satelaiti za televisheni ziko juu ya mstari wa Ikweta, mbali kiasi cha kilomita 36,000. Huko zinazunguka kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha. Kwa hiyo kwetu sisi zinaonekana kama zimesimama mahali pamoja, mchana na usiku. Kama zingetembea kama mwezi, tungehitaji mtu wa kusukuma dishi usiku kucha.

Kila satelaiti ina anwani yake. Anwani hiyo ni nyuzi za longitudo. Kwa mfano iko satelaiti iitwayo Intelsat 20, na anwani yake ni nyuzi 68.5 mashariki. Wesha yetu ipo karibu na nyuzi 39.7 mashariki, na nyuzi 5 na robo kusini ya Ikweta. Nilizichora namba hizi ubaoni. Mvuvi mmoja akasema mara moja, "Basi hiyo iko mashariki yetu, maana 68 ni kubwa kuliko 39." Ndivyo hasa. Ingekuwa nyuzi 7, ingekuwa magharibi.

Mashariki ni wapi? Watu wengi hawana dira, lakini sisi wa Pemba tunayo ya kila siku. Makka iko karibu kabisa na mstari mmoja wa longitudo na kisiwa chetu. Kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini hasa. Simama kama unayetaka kusali. Mkono wako wa kulia ni mashariki, na wa kushoto ni magharibi. Ukinyoosha mkono wa kulia ubavuni sawasawa, kisha ukausogeza mbele kidogo, kiasi cha nyuzi 10, unaielekea satelaiti ile ya 68.5. Wanakisomo wote walisimama uani wakanyoosha mikono. Mtoto mmoja aliyekuwa akipita akauliza kama tunafanya mazoezi ya viungo.

Hiyo ni njia ya ubavuni. Iko na ya juu. Ukisimama Wesha, satelaiti ile iko juu ya upeo wa macho kwa nyuzi 56, yaani juu zaidi ya nusu ya njia kutoka baharini mpaka utosini. Dishi tulilofunga nyumbani kwangu ni kubwa, la futi sita, na nililinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Dishi la namna hiyo hutazama moja kwa moja. Tuliweka ubao ulionyooka kutoka ukingo wa juu mpaka ukingo wa chini, tukaning'iniza uzi wenye uzito kutoka kwenye ubao, tukapima pembe baina ya ubao na uzi kwa kipimapembe cha skuli. Pembe ile ikiwa 56, dishi limeinuka sawa. Madishi madogo yametengenezwa kupokea kwa mshazari, nayo huonekana yamesimama wima zaidi. Hayo usiyapime kwa uzi. Fuata namba zilizochorwa kwenye chuma cha nyuma.

Kabla ya hayo yote nguzo ya dishi lazima isimame wima. Ikiinama, namba zote zinakuwa uongo. Hatukuwa na timazi ya fundi. Yule mvuvi alileta mshipi wake na chubwi, akauning'iniza kando ya nguzo, akafumba jicho moja. Tukapiga zege. Tukaliacha siku tatu kabla ya kulipandisha dishi, kwa maana upepo wa kusi ukilikuta zege bichi huling'oa dishi kama tanga.

Kazi yenyewe ni ya subira. Ukisukuma ukingo wa dishi la futi sita kwa sentimita moja na nusu, umeshaligeuza kiasi cha nyuzi moja. Nyuzi moja ni kitu kidogo mkononi mwako. Lakini kule juu, kilomita 36,000, ni zaidi ya kilomita 600. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya masafa ya kutoka Wesha mpaka Dar es Salaam. Ndiyo maana fundi mwenye haraka hapati kitu, na ndiyo maana boliti hukazwa moja moja, huku mtu akitazama televisheni.

Ndani ya televisheni king'amuzi huonyesha mistari miwili. Mmoja ni wa nguvu na mwingine ni wa ubora. Mstari wa nguvu hupanda hata dishi likitazama mwembe, kwa sababu unaonyesha tu kuwa waya umeunganishwa na kile kichwa kidogo cha mbele kinapata umeme. Usiufurahie huo. Furahia wa ubora. Pia utatakiwa kuingiza masafa ya kituo, yaani namba ndefu, na herufi H au V. H ni mawimbi yaliyolala na V ni yaliyosimama. Mama mmoja ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akitia dole gumba kwenye daftari la mahudhurio ndiye aliyetusomea namba zile, tarakimu moja moja, kutoka kwenye karatasi. Alizisoma mara mbili. Mstari wa ubora ukatoka sifuri ukapanda mpaka nusu, na picha ikaja.

Mambo machache ya hatari niyaseme. Usisimamishe mlingoti mahali ambapo ukianguka utagusa waya wa umeme. Usipande bati lililolowa. Radi ikianza kunguruma wakati wa masika, chomoa waya wa antena na wa umeme, televisheni ipumzike. Ikiwa paa ni refu, mlipe fundi apande yeye. Kujua kusoma namba hakumfanyi mtu kuwa mkwezi.

Mtu anaweza kuuliza kama tabu yote hii ina faida. Mimi mwenyewe naamini redio bado inatosha kwa mambo mengi, na ni rahisi zaidi. Vipindi vingine vya televisheni ni bora mtu alale. Lakini mama yule alikuwa na haja yake. Katika taarifa ya habari husomwa utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, pamoja na nguvu za upepo na urefu wa mawimbi kwa mita. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu, tahadhari zilitolewa mapema, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Tarehe 4 Mei kikafika kisiwani Mafia. Wakati ule mama huyu alipata habari kwa kuulizia bandarini, moja ikisema hivi na nyingine vile, na kijana wake alikuwa dago. Alirudi salama. Lakini mama aliniambia kuwa siku zile hakulala.

Siku hizi huandika mwenyewe. Ana daftari la kisomo, na ukurasa wa nyuma ameugawa kwa mistari: tarehe, upepo, mawimbi. Kijana akitaka kutoka, humsomea. Kijana hucheka, lakini nimemwona akisubiri mlangoni mpaka mama amalize kusoma.

Kile king'amuzi cha kulipia bado kiko juu ya kabati lake, kimefunikwa kitambaa. Kuna mtu wa kijiji cha pili amekuja kukitaka. Mama amekubali kumuuzia kwa nusu ya bei, na amemwandikia karatasi kwa mkono wake kuwa chombo hiki ni cha kulipia kila mwezi. Aliniletea nimsahihishie. Palikuwa na herufi moja tu iliyokosekana, na mnunuzi bado hajarudi kutoa jibu.